Mali ya Umma Ina Wenyewe

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kumiliki mbingu na ardhi na vilivyomo, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeitwa Mwaminifu hata na wale waliompinga, na ahli zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, liko neno moja ambalo limekuwa jepesi mno katika ndimi zetu. Utalisikia barazani baada ya sala ya alasiri, utalisikia dukani, utalisikia hata kwa mtu ambaye kwa mengine yake yote twamjua kuwa ni mcha Mungu. Husema: mali ya serikali haina mwenyewe. Mwenye duka hulisema anapouza bila ya kutoa risiti. Mwenye lori hulisema anapopita njia ya panya usiku ili asilipe ushuru. Karani hulisema anapoandika kitabuni nusu ya alichopokea. Na mkubwa naye hulisema moyoni, ijapokuwa mdomoni ana maneno mazuri zaidi, anapojikatia safari isiyo na haja kwa fedha za watu. Hawa wanne hawajuani, na kila mmoja humlaumu mwenzake, lakini wote wamesimama juu ya neno moja.

Tunataka leo tulitie neno hili katika mizani ya dini yetu. Je, ni kweli kwamba mali ya umma haina mwenyewe? Na ikiwa inaye, ni nani huyo, na mwenye kumdhulumu atajitoaje mbele ya Mola wake?

KIJIJI KILICHO NJIANI

Ili tusizungumze hewani, na tutazame mahali pamoja. Katika mkoa wa Singida, wilaya ya Ikungi iliyomegwa kutoka wilaya ya Singida mwaka 2012, pana mahali paitwapo Mkiwa. Ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dodoma na Manyoni kwenda Singida yapita hapo, na hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Itigi, Rungwa na Makongolosi hadi Mbeya. Nchi ni kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja, na watu wake wanaishi kwa mtama, uwele, alizeti, kuku na ng'ombe.

Wengi katika sisi watu wa pwani hatujapata kukanyaga huko. Lakini huko kumetufikia. Kitunguu cha Singida chajulikana katika masoko ya Dar es Salaam, na mafuta ya alizeti ya mkoa huo yamo katika karai za nyumba nyingi. Basi tunapokaanga kitunguu kwa ajili ya pilau la maulidi au la harusi, hatuko mbali sana na mkulima wa Singida. Sisi twala jasho lake, na yeye aitegemea njia ile ile inayoleta jasho hilo kwetu.

Sasa tazama mali ya umma inavyopatikana. Kwa sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya wilaya yaweza kutoza ushuru wa mazao, na mlipaji kwa sheria ni mnunuzi, si mkulima. Ushuru huo ulikuwa hadi asilimia 5 ya bei ya shambani. Mwaka 2017 ulishushwa ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mwenye kusafirisha mzigo usiofika tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Kwa kipimo hicho, mfanyabiashara aliyenunua alizeti ya shilingi 1,000,000 alipaswa kuacha shilingi 30,000 katika wilaya ilikolimwa. Si mali nyingi kwa mwenye lori. Kwa wilaya ambayo haina bandari wala hoteli wala kiwanda kikubwa, ndiyo mali yenyewe.

Hiyo ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ya fedha zinazotumika wilayani hutoka Hazina: mishahara ya walimu na wauguzi, na fedha za majengo. Hazina nayo hupata kutoka kwetu sote. Kodi ya ongezeko la thamani iliyoanza Tanzania Bara mwaka 1998 kwa asilimia 20, na kushushwa hadi asilimia 18 mwaka 2009, imo katika sabuni anayonunua mjane. Tozo ya mafuta ya gari huingia katika Mfuko wa Barabara, na kila apandaye basi ameichangia katika nauli yake ingawa hakuiona. Barabara kuu hutunzwa na TANROADS, na zile za vijijini na za mitaa hutunzwa na TARURA tangu mwaka 2017. Kenya vivyo hivyo: tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, zipo zinazotoza ushuru wa mazao barabarani, na serikali kuu hugawa fedha kwa kaunti zote.

Basi hakuna asiyetoa. Kipofu anayenunua sabuni ametoa. Yatima anayenunuliwa kalamu ametoa. Kama wote wametoa, yawaje ikaambiwa kuwa mali hiyo haina mwenyewe?

ASILI YA NENO HILI

Tuwe waadilifu. Neno hili halikuzuka bure. Lina historia yake, na mwenye kuhukumu bila ya kuijua historia hudhulumu.

Wajerumani walipoishika nchi walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na asiyekuwa na fedha alifanyishwa kazi. Waingereza waliokuja baada yao waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Mtu aliyeikimbia kodi hiyo hakumuibia jirani yake. Alimkimbia mgeni aliyemtoza bila ya kumuuliza na kutumia bila ya kumuambia. Hata baada ya uhuru wa mwaka 1961, kodi ya kichwa haikuondoka mara moja. Ilifutwa mwaka 1969. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, na ziliporudi mwaka 1984 ilirudi pamoja nazo kodi ya mtu mzima kwa jina la kodi ya maendeleo. Iliendelea mpaka mwaka 2003. Wazee wanakumbuka jinsi wanaume walivyokimbilia porini wakisikia wanamgambo wamekuja. Tajiri na maskini walitozwa karibu sawa, na mwenye kukamatwa alidhalilishwa mbele ya watoto wake.

Mtu aliyelelewa katika hali hiyo hukua akiamini kwamba kukwepa kodi ni ushujaa. Humsimulia mwanawe kama hadithi ya sungura na fisi. Lakini ndugu zangu, aliyekuwa akikimbiwa zamani ni mkoloni. Leo anayekwepa ushuru wa alizeti anamkimbia nani? Anamkimbia mkulima yule yule aliyemuuzia.

WAWILI WANAFURAHI, WA TATU HAYUPO

Mfano huu tutauweka wazi, kwani ndani yake mna kiini cha maneno yetu. Lori limesimama kwenye kizuizi cha ushuru usiku. Mwenye mzigo anatakiwa 30,000. Mkusanyaji anamnong'oneza: nipe 10,000, usidai risiti, upite. Mwenye mzigo amebakisha 20,000. Mkusanyaji amepata 10,000. Hakuna aliyegomba, hakuna aliyelia, wamepeana mikono na kutakiana safari njema. Mtu akiwauliza, kila mmoja atasema kwamba ameridhika.

Mashaka yote ya dhulma ya mali ya umma yako hapo. Mwizi akiingia nyumbani, mwenye nyumba hupiga kelele. Mwenye kupunja mizani sokoni, mnunuzi humrudia. Lakini hapa waliokutana wote wamefurahi, na aliyedhulumiwa hayupo. Yeye amelala kijijini. Ni mama mjamzito ambaye zahanati yake haina taa. Ni mtoto ambaye darasa lake limesimama kuta bila ya bati. Hakuitwa shauri lilipofanywa, na hatajua kamwe kwamba usiku ule shilingi 30,000 zake ziligawanywa na watu wawili asiowajua.

Katika lugha yetu, mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, asiye na ndugu wa kumtazama. Hatusemi kwamba kijiji kile kimeitwa hivyo kwa maana hiyo. Watu wake wana jamaa na majirani kama sisi. Lakini katika shauri lile la usiku kila mwananchi ni mkiwa, maana hana wa kumsemea isipokuwa dhamiri za wale wawili. Na dini yetu imemuwekea mkiwa Msemaji wake: dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu, kama alivyotufundisha Bwana Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yaman. Na tazama mahali yalipokuja mafundisho hayo. Yalikuja katika wasia uo huo uliomuagiza Muadh aitoze zaka kwa matajiri wao na kuirudisha kwa mafakiri wao, na ajihadhari asichukue mali zao zilizo bora kabisa. Maneno ya kukusanya mali na maneno ya dua ya mdhulumiwa yalitoka pamoja.

ANAYEKUSANYA

Jambo hili lilitokea hata katika zama za Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humaid As-Saidi kwamba Mtume alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibnul-Lutbiyya, kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi aliitenga mali mafungu mawili: fungu hili ni lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume alipanda mimbari akauliza mbele ya watu kwa nini mtu huyu hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Kisha akaonya kwamba kila kichukuliwacho namna hiyo, mtu atakuja nacho siku ya Kiyama amekibeba shingoni.

Swali hilo la kukaa nyumbani kwa baba yake latosha kuwa mizani ya kila mwenye kazi ya umma hata leo. Kile unachopewa, ungepewa kama usingekuwa na muhuri, au mashine ya risiti, au kiti hicho? Kama jawabu ni hapana, basi hukupewa wewe, kilipewa kiti.

Wala dini haikumtaka mkusanyaji afe njaa. Katika Suratut-Tawba, aya ya 60, wenye kuitumikia zaka wametajwa miongoni mwa watu wa mafungu manane wanaostahiki. Lakini ujira wake ni haki inayojulikana na ina mpaka wake. Kinachoharibu ni pale malipo ya mkusanyaji yanapokuwa yale anayoweza kuyakwangua. Imamu Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alimuandikia Harun Rashid kitabu cha mambo ya kharaji, na humo alimuonya asiwakodishe watu ukusanyaji wa kodi kwa kiasi cha kukatiana, kwani mwenye kukodi hatajali kuwaangamiza raia maadamu apate faida yake.

Pwani yetu tumeuona ukodishaji huo. Katika zama za Sayyid Said bin Sultan, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi Jairam Shivji. Alimlipa mtawala kiasi walichopatana kwa mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake. Miaka mingi baadaye, halmashauri nyingi za Tanzania ziliwapa mawakala kazi ya kukusanya ushuru wa masoko na vituo vya mabasi kwa mapatano yanayofanana na hayo. Kisha zikaja mashine za kutolea risiti ili kila shilingi ionekane. Lakini mashine haina imani. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikitaja mara kwa mara fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo na zisifike benki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lipo, habari ipo, na bado mali hupotea. Basi upungufu uko katika kifua cha mwenye kulishika daftari.

ANAYETUMIA

Mtu aweza kukusanya kwa haki na kutumia kwa dhulma. Na hapa ulamaa wetu walikuwa wakali kwa watawala kuliko walivyokuwa kwa raia.

Watartari walipoiteka Baghdad mwaka 1258 na kuelekea Misri, Sultani Qutuz alitaka kuwatoza watu kodi ya vita. Waliitwa wanavyuoni, akiwemo Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mkubwa wa Mashafii wa zama zake. Hakumkatalia, wala hakumpa ruhusa ya bure. Alimjibu kwamba raia watatozwa baada ya hazina kuisha, na baada ya maamiri kutoa dhahabu na mapambo yao, wakabaki na silaha na wanyama wao wa kupanda sawa na watu wengine. Mwaka 1260 jeshi hilo liliwashinda Watartari huko Ain Jalut. Baadaye, katika zama za Sultani Baibars, imepokewa kwamba Imamu Nawawi, ambaye Minhaji yake imesomeshwa katika darsa zetu tangu Lamu mpaka Unguja, alikataa kutia mkono wake katika fatwa ya namna hiyo, kwa sababu aliziona dhahabu zi juu ya watumwa na vijakazi wa sultani na bado maskini wanaambiwa watoe.

Fahamu vizuri mafundisho haya, ndugu msomaji. Wapo wasemao kwamba hakuna haki ya mtawala katika mali ya Muislamu isipokuwa zaka, na kwamba kila kodi ni ule ushuru wa dhulma ambao mkusanyaji wake amelaaniwa. Na wapo wasemao kwamba serikali ikisema toa, basi toa bila ya kuuliza. Ulamaa hawa walisimama katikati. Kodi hufaa kwa masharti: iwe kwa haja ya kweli, hazina iwe haitoshi, igawanywe kwa kadiri ya uwezo wa watu, itumike kwa lile lililotajwa, na wakubwa waanze kujinyima wao. Serikali zetu si za dini, na kodi yake si zaka wala haiondoshi zaka shingoni mwa Muislamu. Lakini masharti haya ni ya uadilifu, na uadilifu hautazami dini ya anayetawala.

Husimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala baina ya mwaka 717 na 720, alikuwa na taa ya baitul-mal ya kufanyia kazi za Waislamu, na mtu akimuuliza habari za nyumbani kwake aliizima akawasha yake. Watu husikia kisa hiki wakatabasamu, wakadhani ni jambo la mawalii. Lakini yeye hakuwa akiokoa mafuta ya taa. Alikuwa akiilinda nafsi yake isizoee. Mtu haanzi kwa kula mamilioni. Huanza kwa kutumia gari la ofisi kumpeleka mtoto harusini.

Na siyo wakubwa tu. Sheria ya mwaka 2018 ilizilazimisha halmashauri za Tanzania kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Angalieni neema hiyo! Muislamu maskini aliyekuwa akiogopa kwenda benki kwa sababu ya riba amefunguliwa mlango. Lakini wakaguzi walikuta mikopo isiyorejeshwa na vikundi vilivyokuwa karatasini tu, na mwaka 2023 mpango huo ukasimamishwa ili utengenezwe upya. Uliporudi mwaka 2024, muda mwingi ulikuwa umekwisha pita. Aliyekula mkopo wa kikundi hewa hakumla waziri. Alimla mama lishe aliyekuwa nyuma yake katika foleni. Fedha ile ilitoka mkononi mwa maskini kama ushuru, na ilikuwa ikimrudia maskini mwenzake, ikakatwa njiani na mtu aliyejiita maskini vile vile.

"WAKUBWA WANAKULA, MIMI NITOE YA NINI?"

Hili ndilo swali zito, na tusilikimbie. Mfanyabiashara atasema: mimi nikitoa, fedha yangu yaenda tumboni mwa mtu. Bora nimpe yatima wa mtaani kwangu kwa mkono wangu.

Twamjibu kwa mambo matatu. Kwanza, Mtume (S.A.W.) aliwaambia masahaba kwamba watakuja watawala watakaojipendelea nafsi zao. Wakamuuliza wafanyeje. Aliwaagiza watimize haki iliyo juu yao, na haki yao wenyewe wamuombe Mwenyezi Mungu. Kosa la mwenzako halikufutii wajibu wako. Laongeza hesabu yake, halipunguzi yako.

Pili, ukweli wa mambo si kama usemavyo. Zaliwa fedha, lakini hazikuliwa zote. Barabara uliyopita kuja na mzigo wako ilijengwa. Muuguzi aliyempokea mwanao alilipwa. Mwenye kusema zote zaliwa, kisha akapita juu ya daraja, amekula chakula na kukana kushiba. Tena anayekwepa humuumiza mfanyabiashara mwenzake mwaminifu, kwa kuwa huuza rahisi bidhaa isiyolipiwa, na mwenziwe hushindwa hata kufunga duka. Katika Suratul-Maida, aya ya kwanza, tumeamrishwa waumini kutimiza mikataba. Kuishi katika nchi na kutumia vya nchi ni mkataba.

Tatu, yule yatima wa mtaani kwako hakupewa, mara nyingi. Mtu aseme kweli na nafsi yake: zile 20,000 alizobakisha usiku ule, je, zilikwenda kwa yatima?

Lakini kutoa hakumalizi kazi, na hapa ndipo wacha Mungu wengi wanapopungukiwa. Wanatoa, kisha wananyamaza, wakidhani kwamba kunyamaza ni uchaji. Bwana Mtume (S.A.W.) amelihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa katika jihadi zilizo bora. Na wala siku hizi jihadi hiyo haihitaji upanga. Sheria ya Tanzania imeupa mkutano wa kijiji haki ya kukutana kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu, ambaye kazi yake imewekwa katika ibara ya 143 ya Katiba, hupelekwa kwa Rais kisha huwekwa mezani Bungeni kila mwaka. Mwenye kutozwa zaidi ya sheria ana haki ya kukataa; mwenye kuombwa fedha bila ya risiti ana wajibu wa kukataa, kwa kuwa mtoaji rushwa amelaaniwa pamoja na mpokeaji. Asiyehudhuria mkutano, asiyeuliza, asiyedai risiti, kisha akaketi barazani kulaani, huyo amechagua lile lililo rahisi.

ATAKAYETUBU ATAMUOMBA NANI MSAMAHA?

Tumalizie kwa jambo linalotutisha kuliko yote. Ulamaa wetu wamesema kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mtu na Mola wake ina masharti matatu: aiache, ajute, na aazimie kutorudia. Lakini dhambi iliyofungamana na haki ya mja ina sharti la nne: amrejeshee mwenyewe haki yake, au amuombe amsamehe.

Aliyemuibia jirani mbuzi, njia yake i wazi. Atakwenda kwa jirani, atalipa, ataona haya siku moja, yatakwisha. Aliyeiba mali ya umma atakwenda kwa nani? Atamuomba msamaha mama wa Mkiwa, na mvuvi wa Mafia, na mchunga ng'ombe wa Ikungi, na mtoto aliyezaliwa jana? Wengine wamekwisha kufa na hawakusamehe. Baada ya vita vya Khaybar alikufa mtumishi wa Mtume aliyeitwa Mid'am, na watu wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume (S.A.W.) akawaeleza kwamba nguo aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inamuwakia moto. Mtu mmoja aliposikia hayo alikuja na gidamu ya kiatu, au gidamu mbili, akazirudisha. Nguo moja, katika mali ya watu wengi, imemharibia mtu kifo ambacho kila mtu alikitamani.

Basi neno lile tumelikuta limepinduka. Watu husema mali ya umma haina mwenyewe, ndiyo sababu wakaiona nyepesi. Kumbe wenyewe ni wengi hata hawahesabiki, na kwa hiyo ndiyo nzito kuliko mali zote. Mali ya mtu mmoja ina mdai mmoja. Mali ya umma ina wadai umma mzima.

Mlango wa toba haujafungwa. Aliyechukua na airudishe katika hazina ilikotoka, hata kwa siri. Asiyeweza kuirudisha huko, ulamaa wamesema aitoe katika maslahi ya watu wote kwa nia ya kuwarejeshea wenyewe, bila ya kujitafutia thawabu ya sadaka, maana mtu hatoi sadaka mali isiyokuwa yake. Na nyumbani kwetu tuanze na watoto. Mtoto akimuona baba yake akidai risiti, na mama yake akirejesha mkopo wa kikundi siku yake, huyo amekwisha soma somo la amana kabla ya kwenda chuoni. Na akimsikia baba yake akisimulia kwa kicheko jinsi alivyompita mkusanyaji, naye pia amekwisha soma.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutakasie chumo letu, awaongoze wenye kushika mali za watu, awape waliodhulumiwa haki zao hapa duniani kabla ya kesho Akhera, na asitukutanishe na siku ya hesabu tukiwa tumebeba shingoni kitu cha mtu tusiyemjua. Amin.

Wabillahi tawfiq.